Pini Tano za Mwalimu na Shingo ya Ng'ombe

Ndugu zangu wanne, leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe.

(Si nguo hasa. Suruali ninayo, ila magoti yake yamebaki uani kwa Mzee Kilonzo.)

Najua nimelikalia daftari. Najua Salimu wa Mwingi ameshaanza kunung'unika kwamba zamu yangu iliisha zamani. Tulipoahidiana siku ya kumaliza chuo cha ualimu kwamba daftari moja litazunguka kwa posta kati yetu watano, na kila mmoja ataandika ukweli wa maisha yake, sikudhani ukweli wangu ungekuwa huu. Nilikuwa nimeanza kuwaandikia habari za mtihani wa darasa la saba. Nimeuchana ukurasa huo. Haya yametokea leo asubuhi, hapa Mutomo.

Nianze mwanzo, maana bila mwanzo mtanihukumu vibaya. (Mtanihukumu vibaya hata hivyo.)

Mnakumbuka nilimwoa Mbithe, binti ya Mzee Kilonzo wa hapa. Alipokaribia kujifungua alikuja kwao, kwa sababu hospitali ya misheni iko karibu, na kwa sababu mtoto wa kwanza humfanya msichana amtake mama yake. Mtoto akazaliwa salama. Mvulana! Kama ilivyo desturi yetu, akapewa jina la baba yangu, Mutua. Habari hizo zilinifikia kwa barua kule Nunguni, nikacheza dansi peke yangu stoo, kati ya magunia ya maharagwe ya shule. Nikasema Jumamosi nitakwenda kumwona mwanangu.

Sikwenda Jumamosi hiyo. Kwa miezi mitatu sikwenda.

Kilichonizuia ni barua ya pili. Mbithe aliandika hivi: "Baba amesema sitatoka hapa na mtoto mpaka akuone ukishika uta kwa ajili yangu. Anasema mume asiyejua uta ni mgeni tu. Njoo haraka, Mutua ameanza kucheka usingizini." Mtu mwenye akili angesoma barua hiyo na kuona maneno mawili: njoo haraka. Mimi nikaona neno moja tu, uta.

Mzee Kilonzo alikuwa mwindaji, wa wale ambao watu wakiwataja hushusha sauti. Mimi nimevaa miwani tangu darasa la tano. Tulipokuwa watoto, wenzangu walikuwa wanaviringisha gurudumu la mkonge mteremkoni na kulipiga mishale likiwa mbioni. Mimi nilikuwa wa kuokota mishale. Kazi hiyo niliifanya vizuri sana, hakuna mshale uliowahi kupotea. Sasa nilijiona nimesimama nyikani, wakwe wamenizunguka, Mzee ananionyesha digidigi kichakani na kusema, "Haya, Mwalimu." Nilikosa usingizi kwa ajili ya digidigi ambaye hajazaliwa.

Ndipo nikamwendea Toma. Huyu ni kijana Mzungu anayefundisha hesabu sekondari ya jirani, mtu mwema, huwinda swala wa kwao kwa uta. Nikamweleza shida yangu. Akacheka kidogo, akaenda chini ya kitanda, akatoa sanduku la bati.

Ndugu zangu, sikujua dunia ina vitu vile. Wazungu hawalengi kwa jicho tu. Wana kifaa cha kulengea! Ni kipande cha shaba kinachofungwa kwenye uta, juu ya mkono, na kutoka kwake zinachomoza pini ndogo pembeni. Ukivuta uta unachungulia, unaweka kichwa cha pini juu ya mnyama, unaachilia. Kila pini ina umbali wake, na kila moja ina skrubu ya kuipandisha na kuishusha mpaka ikukubali.

Toma alikuwa navyo vitatu, akaniambia nichague cha kuazima.

Cha kwanza kilikuwa na pini moja ya kusogezwa. "Hiki ni kizuri kwa mtu mtulivu," akasema. "Unakadiria umbali kwanza, unaiweka pini, halafu unavuta." Cha pili kilikuwa na pini tatu zilizokazwa. Alisema chake mwenyewe ni kama hicho, na kwamba hajawahi kuhitaji zaidi. Cha tatu kilikuwa na pini tano, zote za kusogezwa, kiling'aa hadi nikaona miwani yangu ndani yake.

"Hicho cha pini tano alininunulia mjomba wangu," Toma akasema. "Sikipendi. Mnyama akitokea, unaanza kujiuliza pini ni ipi, na yeye anaenda zake."

Alisema hivyo wazi, kwa Kiswahili chake cha polepole, na mimi nikasikia kila neno. Kisha nikachagua cha pini tano. (Mimi ni mwalimu. Nikipewa kitabu chenye kurasa nyingi na chenye kurasa chache, mnajua nitachukua kipi.) Nilijiambia kwamba nyika ya Mutomo ina umbali mwingi, na mtu mwoga anahitaji jibu kwa kila swali.

Nikanunua uta kwa mzee mmoja wa Nunguni. Uta wetu haupaswi kutobolewa, hupasuka, kwa hiyo nilikifunga kifaa kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Nikaomba rangi za kucha kwa mwalimu wa darasa la kwanza, nikapaka pini. Nyekundu hatua kumi. Nyeupe hatua ishirini, ya digidigi. Kijani thelathini, ya kanga. Buluu arobaini. Njano hamsini, ya tandala, kama Mungu angenichukia kiasi cha kunitolea tandala.

Kila Jumamosi nilikuwa uwanja wa mpira na gunia lililoshindiliwa nyasi. Napima hatua, napiga, nalegeza skrubu, napandisha pini kidogo, napiga tena. Jumamosi ya kwanza nilipiga goli, si gunia. Jumamosi ya sita nikaanza kulipata gunia. Ya kumi, nikiwa hatua thelathini, niliweka mishale mitatu mahali ambapo sahani ingeifunika. Nililia, kusema kweli. Mtoto aliyekuwa anaokota mishale alikuwa amelipata gunia!

Kila Jumapili jioni nilimwandikia Mbithe kwamba kazi ya shule ni nyingi. Yeye aliniandikia kwamba Mutua sasa anashika kidole. Halafu kwamba anageuka kitandani. Halafu barua zikawa fupi.

Basi shule zikafungwa, nikafunga safari. Uta niliuzungushia blanketi. Kondakta wa basi akaupapasa.

"Hii ni fimbo ya pazia?"

"Ndiyo."

(Mungu amenilipa kwa uongo huo.)

Nilifika jana jua likizama. Salimu, wewe si Mkamba, kwa hiyo hapa nakueleza jambo moja, lishike vizuri. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Tunaita nthoni: ni heshima iliyochanganyika na haya. Mama mkwe akiniona njiani, anapita kando. Mimi nikimwona, nageuza uso. Siingii nyumbani mwake, simgusi, simwangalii machoni. Tangu nioe, miaka miwili, sijawahi kumsemesha moja kwa moja. Salamu zake huniletea mtu mwingine, nami hurudisha kwa njia hiyo hiyo. Faini ya kuvunja nthoni ni mbuzi, na kabla ya mbuzi ni aibu.

Mbithe na mtoto wanalala kwa mama yake. Kwa hiyo jana niliketi nyumba ya shemeji yangu Muli, kaka yake Mbithe, kijana mchangamfu mwenye ulimi mkali. Mbithe aliniletea maji ya kunawa, amejifunga kichwani kile kitambaa cha kijani chenye maua ya njano nilichomtumia kwa posta. Alikuwa mzuri. Alikuwa pia baridi kidogo.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala," akasema. "Amengoja miezi mitatu, akachoka. Utamwona kesho."

Leo asubuhi, baada ya chai, Mzee Kilonzo akaniita uani. Nikatoka na uta wangu, nimesimama wima, miwani nimeisafisha. Nilitazama ng'ambo ya boma, nyikani, nikitafuta digidigi.

Mzee akauzunguka uta. Akainama.

"Hii ni nini umefunga hapa, Mwalimu?"

"Ni ya kulengea, Mzee."

"Asi! Mimi nilidhani ni antena. Inashika stesheni gani?"

Watu wakacheka. Walikuwa wengi kuliko nilivyotaka: majirani, mashemeji, akina mama nyuma ya ua wa miiba. Nikacheka nao, maana nilijua yaliyomo. Nikauliza tunaelekea upande gani kuwinda.

"Kuwinda nini?" Mzee akashangaa. "Hii jua yote?"

Akapiga mluzi. Wanaume wanne wakamleta ng'ombe dume mwekundu, mnene, mwenye uso wa mkaguzi wa shule. Wakamshika pembe na mkia. Mzee akamfunga ukanda mwembamba shingoni na kuukaza, mpaka mshipa ukavimba chini ya ngozi.

Sasa ndipo nilipoelewa. Mzee huyu ana desturi ya ukoo wake. Binti aliyejifungulia kwao mtoto wa kwanza haondoki kabla mume wake hajamtolea damu ya ng'ombe. Damu hupikwa na maziwa na samli, mama anakula, anapata nguvu za safari. Ng'ombe hafi, haumii sana. Mume hupiga mshipa kwa mshale maalumu, wenye ncha fupi na kigingi nyuma yake ili usizame. Na hupiga akiwa amesimama hatua moja.

Hatua moja!

Nilikuwa nimejiandaa kwa digidigi, kanga na tandala. Nilikuwa na jibu la kumi, ishirini, thelathini, arobaini na hamsini. Jibu la moja sikuwa nalo.

Mzee akanipa mshale huo na uta wake mdogo wa kazi hiyo, mwepesi, hata mtoto angeuvuta. Hapa nilipewa mlango wa kutokea, ndugu zangu. Ulikuwa wazi, ningepita tu. Lakini nilizikumbuka Jumamosi zangu zote, na rangi za kucha, na kile kicheko cha antena. Nikasema, "Asante, Mzee. Nitatumia uta wangu. Umepimwa."

"Umepimwa," Mzee akarudia, akiwaangalia wenzake.

Muli akapiga goti chini ya shingo ya ng'ombe, ameshika kibuyu cha kukingia damu. Nikasimama hatua moja. Nikauinua uta. Nikachungulia. Pini zote tano zilikuwa shingoni mwa ng'ombe, zimesongamana, kila moja inaniita.

Nikafikiri kisayansi. Pini ya umbali mfupi huwa juu. Nyekundu ni ya hatua kumi. Hatua moja ni fupi kuliko kumi. Kwa hiyo nyekundu ipande juu zaidi. Nikauteremsha uta, nikatoa bisibisi mfukoni.

"Anafanya nini?" mmoja wa waliomshika ng'ombe akauliza.

"Anatafuta stesheni," Muli akajibu kutoka chini.

"Dakika moja tu," nikasema.

"Mwalimu, ng'ombe yangu inachoka," Mzee akasema.

"Nusu dakika."

"Na mimi nimechoka!" Muli akasema. "Goti iko kwa jiwe!"

Nikapandisha pini nyekundu mpaka mwisho. Nikakaza skrubu. Nikauinua uta tena, nikavuta kidogo tu, nikaweka kichwa chekundu katikati kabisa ya mshipa uliovimba. Mkono haukutetemeka. Pumzi nilizibana. Sijawahi kulenga vizuri hivyo maishani mwangu.

Nikaachilia.

Pwaa!

Mshale haukugusa ng'ombe hata unywele. Ulipita chini ya shingo, ukachoma kibuyu, vidole viwili kutoka gumba la Muli, ukasimama pale unatikisika. Kisha kibuyu kikapasuka katikati, taratibu, nusu moja ikaanguka huku na nusu nyingine huku.

Muli akautazama mshale. Akanitazama mimi.

"Shemeji," akasema, "wewe unataka damu ya nani?"

Ng'ombe hakungoja jibu. Mlio wa kibuyu ulikuwa umemwingia masikioni. Akaruka, wanaume wanne wakatawanyika, na akina mama nyuma ya ua wakapiga yowe. Dume likazunguka ua mara moja, likaona njia ya kutokea, na katika njia hiyo likaona mwalimu mmoja na antena. Nikatupa uta. Nikakimbia. Miwani ikaruka. Mnajua mimi bila miwani: dunia yote inakuwa uji. Nikaona weusi wa mlango, mlango mfupi, nikajitupa kwa magoti, nikaingia. (Hapo ndipo magoti ya suruali yalipoachana nami.)

Ndani kulikuwa na giza na ubaridi na harufu ya maziwa. Nikaketi mlangoni nikihema. Nikaona, kwa namna ninavyoona, mwanamke ameketi kwenye kigoda, amepakata mtoto, kichwani ana kitambaa cha kijani chenye vidoa vya njano.

Moyo ukanipasuka. Nikasogea kwa magoti, nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili.

"Mpenzi wangu," nikasema. "Nisamehe. Nimekuaibisha. Baba yako ana kichwa kigumu kuliko lile dume lake, lakini mimi ndiye mjinga. Nimekukosa sana. Bila wewe kitanda ni kipana. Tuchukue mtoto tutoroke, twende nyumbani."

Nikaubusu mkono.

Ulikuwa mgumu, wa jembe la miaka mingi. Nikawaza, maskini Mbithe, wanamlimisha huku.

Wakati huo huo nikamsikia Mbithe. Alikuwa nje. Alikuwa anauliza, "Jamani, mume wangu amekimbilia wapi?"

Ndugu zangu, nimepigwa na walimu, nimeanguka mtihani, niliwahi kusahau wimbo mbele ya kanisa zima. Yote hayo yalikuwa sikukuu.

Mama mkwe wangu alikuwa amegeuza uso ukutani. Hakuweza kukimbia, kwa sababu mimi nilikuwa kati yake na mlango. Hakuweza kunisemesha, kwa sababu ya nthoni. Sikuweza kumwomba radhi, kwa sababu hiyo hiyo. Na mkono wake bado nilikuwa nimeushika, maana vidole vyangu vilikuwa vimekufa.

Hatimaye akasema, akimwambia mtoto.

"Mutua. Mwambie baba yako aachilie mkono yangu."

Nikauachilia.

"Mwambie hii kitambaa mama yako alinipa leo asubuhi niende nayo kanisa kesho." Akamweka mtoto vizuri. "Na mwambie, babu yako ana kichwa ngumu, hiyo ni ukweli. Lakini si yeye wa kuisema."

"Mwambie bibi nimesikia," nikamwambia mtoto. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto mwenyewe.

"Mutua," akaendelea, bado ameukabili ukuta, "mwambie mimi nimefunga na kuomba tangu Jumatano, hiyo damu isitoke. Sisi watu wa kanisa hatukuli damu. Babu yako nilimwambia, akakataa. Nikaona nimwachie Mungu." Nilimsikia akivuta pumzi, na nadhani, siwezi kuapa, alikuwa anazuia kicheko. "Mwambie ana shabaha mzuri sana."

Nilikuwa jibu la maombi ya mtu, na nimeyajibu kwa bisibisi.

Kisha akafanya jambo ambalo nitalikumbuka hata nikizeeka. Hakuweza kunikabidhi mtoto mkononi, tungegusana tena. Akainama, akamlaza Mutua juu ya ngozi ya mbuzi iliyokuwa katikati yetu, akajivuta nyuma kabisa.

"Mutua," akasema polepole, "mwambie baba yako akuchukue. Umemngoja."

Nikamchukua. Sikuwa na miwani, kwa hiyo ilinibidi nimlete karibu, karibu, mpaka akawa shubiri moja kutoka puani mwangu. Na mnajua macho yangu yalivyo. Mbali mimi ni kipofu, lakini shubiri moja naona kuliko ninyi nyote. Niliona nyusi za baba yangu. Niliona alama ndogo ya maziwa kwenye kidevu. Akanyoosha mkono, akaishika pua yangu, akaivuta, na akacheka, kile kicheko nilichoandikiwa habari zake miezi mitatu iliyopita. Nikalia bila haya yoyote. Mama mkwe akapata nafasi ya kupenya mlangoni, akatoka, na nje nikasikia ameanza wimbo wa kanisa kwa sauti ya ushindi.

Mbithe akaingia na miwani yangu. Kioo kimoja kina ufa. Akaniangalia nilivyo, chini, magoti wazi, mtoto kifuani.

"Muli amenieleza zile rangi ulizomwonyesha jana," akasema. "Nyeupe ni digidigi. Njano ni tandala."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unapima kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

Akaketi karibu nami. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi.

"Mimi na Mutua," akasema, "ulituwekea pini gani?"

Nilikuwa mwoga, nikamwambia hivyo hivyo: kwamba niliogopa baba yake asinione kitu, nikaona heri nichelewe nikiwa hodari kuliko kuwahi nikiwa mimi. Kisha akasema mimi ni mjinga, na kwamba alinijua hivyo tangu mwanzo, na akaegemeza kichwa begani kwangu upande ule usio na mtoto.

Dume lilipatikana saa nane, kando ya kisima, limetulia. Mzee Kilonzo alirudi amejaa miiba. Nilijua sasa hukumu imefika, kwamba damu haijatoka na mke wangu atabaki. Nikasimama mbele yake na suruali yangu ilivyo.

"Mzee, nimekosa. Kesho nitajaribu tena, na uta wako."

"Kesho!" akasema. "Mwalimu, leo umeua kibuyu. Kesho utaua Muli. Chukua bibi yako, chukua mtoto, Jumatatu mwende. Lakini hii uta inabaki hapa. Huko Nunguni kuna watu wengi."

Na mbuzi wa mama mkwe nitamleta mwezi ujao, nikija na Mbithe na mtoto. Hilo halikujadiliwa. Muli anasema atamchagua yeye mwenyewe, kwa jicho tupu.

Sasa ni alasiri. Nimechora mchoro nyuma ya daftari hili, mtauona. Jicho liko juu, mshale uko chini, shubiri moja kati yao. Mbali, njia zao hukutana. Karibu, mshale hupita chini, na ukiipandisha pini unazidi kuushusha mshale. Nimepiga hesabu mara mbili. Pini ambayo ingeupata mshipa kwa hatua moja ni ile ya mwisho, ya njano, ya hatua hamsini. Mimi ndiye ninayefundisha sayansi darasa la saba. Wazazi wananiamini.

Mzee amezing'oa pini zote. Ya njano anachokolea meno, anasema hiyo Wazungu wametengeneza vizuri. Bado sijui nitamwambia nini Toma.

Basi, ndugu zangu, mkitaka kucheka nendeni mchekee mbali, hatua hamsini na zaidi. Hapa kwenye shubiri moja kuna mtu amelala.